Simba Aliyekosa Muhuri

Katika nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa kibali cha kulitaja huchukua siku thelathini za kazi, hakuna mtu anayeogopa ovyo. Hofu ina utaratibu. Ukiona mnyama mkali unampiga picha, unajaza fomu, unatuma vyote makao makuu, kisha unasubiri. Picha ikirudi na muhuri wa HALISI, una ruhusa ya kuogopa kwa siku kumi na nne, na unaweza kuomba uongezewe. Ikirudi na muhuri wa BANDIA, unatakiwa kutulia mara moja na kuendelea na ujenzi wa taifa.

Naomba msomaji asicheke. Sheria hii ilitungwa kwa sababu nzito. Miaka mitatu iliyopita simu zetu zilijaa picha za wanyama zilizotengenezwa na mashine: tembo anayeendesha baiskeli, twiga aliyembeba mwanawe mgongoni kwa kanga, kiboko aliyevaa suti inayofanana mno na ya waziri mmoja. Tulizitazama, tukazisambaza, tukaandika chini yake "Mungu ni mkubwa". Siku moja ikaingia kwenye simu za waheshimiwa wabunge picha ya chatu aliyejiviringisha kwenye kiti cha Spika. Kikao kilikuwa kinaendelea. Spika mwenyewe alikuwa amekikalia kiti hicho, anajua fika kwamba hakuna kitu chini yake ila mto, na bado alikuwa wa kwanza kupita dirishani. Waheshimiwa kumi na mmoja walivunjika miguu. Wiki iliyofuata, wakiwa kwenye magongo, walipitisha Sheria ya Picha na Hofu kwa kauli moja, na ndipo ilipozaliwa ofisi yetu.

Mimi naitwa Zakayo Mbwilo, mkaguzi msaidizi daraja la tatu katika Mamlaka ya Uhakiki wa Picha za Wanyama. Ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa mbwa, radi, na barua zinazokuja kwenye bahasha ya kaki. Nadhani ndiyo sababu walinipa kazi. Mtu jasiri angeharibu mambo mapema.

*

Jengo letu lina ghorofa tatu. Chini wanapokea, sisi wa pili tunahakiki, na ghorofa ya tatu kuna Kitengo cha Uzalishaji, ambacho hutengeneza picha za wanyama wa nchi yetu kwa ajili ya kalenda, viwanja vya ndege na wageni wa nje. Ilibidi. Wanyama wenyewe walikuwa wameacha kutoa ushirikiano. Wamekonda, wamejificha, wengine hawaonekani kabisa. Mashine ya ghorofa ya tatu haina matatizo hayo. Ukiiambia nyumbu laki moja wavuke mto, wanavuka, na wote wanatazama kamera. Picha zake zimesamehewa uhakiki.

Za wananchi hazijasamehewa. Kila moja tunaipima kwa Fomu ya Maswali Saba. Je, mnyama amependeza? Je, vidole, masikio na mkia vimetimia? Je, yuko mahali panapomstahili? Na la saba, lililo kubwa kuliko yote: je, anafanana na Mfano Mkuu?

Mfano Mkuu ni picha ya Simba wa Taifa, ina urefu wa mita nne, imetundikwa ukumbini. Simba amesimama juu ya jiwe, jua linazama nyuma yake, manyoya yanapepea upande mmoja na majani upande mwingine. Ilitengenezwa ghorofa ya tatu. Katika wiki yangu ya kwanza kazini, kwa ujinga wa mtu mgeni, nilivihesabu vidole vya mguu wake wa kulia wa mbele. Dada yangu aliwahi kunifundisha, tukiwa wadogo, kusoma nyayo kwenye matope: simba hukanyaga kwa vidole vinne. Simba wa Taifa alikuwa anakanyaga kwa vitano. Nilihesabu tena. Kisha nikaangalia huku na huku kama mwizi, na tangu siku hiyo napita ukumbini nikitazama viatu vyangu.

Katika miaka miwili yangu ya kazi hakuna picha ya mwananchi hata moja iliyopata muhuri wa HALISI. Zote zilikuwa na kasoro. Muhuri wa BANDIA tulikuwa nao mezani, umechakaa hadi herufi ya kwanza imeanza kupotea. Muhuri wa HALISI ulikuwa umefungiwa katika kabati la Mkurugenzi Mkuu, kwa usalama, na funguo alikaa nazo mwenyewe.

*

Picha iliyonifikisha hapa ilikuja siku ya Jumatatu, baada ya chai. Ilitoka Shule ya Msingi Bwawani, kando ya hifadhi, na aliyejaza fomu ni mwalimu mkuu, Ezelina Mbwilo. Huyo ndiye dada yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na Dada Ezelina ndiye aliyeninyoa, akanichapa, akanisomesha. Kila kitu nilichonacho kimepita mikononi mwake.

Ilikuwa picha ya simba amesimama kando ya tangi la maji la plastiki, lile la lita elfu tano, karibu na kamba iliyoanikwa masweta ya wanafunzi. Dume, amekonda, mbavu unaweza kuzihesabu. Sikio la kushoto halikuwepo. Mkia ulikatika nusu. Mguu wa kushoto wa mbele ulikuwa umeingiwa na waya, waya wenyewe umezama kwenye nyama, na vidole vilivyobaki ni vitatu. Hakuwa anatazama mbali kama simba wa kalenda. Alikuwa anatazama dirisha ambalo dada yangu alisimama nyuma yake.

Kwenye nafasi ya "Sababu ya kuogopa" dada alikuwa ameandika neno moja: Anatuchagua.

Najua picha ya mashine. Nimeziona elfu nyingi, zinateleza machoni kama sabuni. Hii haikuteleza. Niliichukua kwa mikono miwili nikaipeleka kwa Mkurugenzi Mkuu.

Mheshimiwa Dakta Mhandisi Festo Lwambano alikuwa mtu mkubwa kwa cheo na kwa kiti. Hakuwa na desturi ya kutazama picha. Alisema picha zinaweza kumpotosha mtu, ndiyo maana alitazama fomu tu.

"Vidole vingapi?" akauliza.

"Vitatu, Mheshimiwa."

"Mashine hiyo, Bwana Mbwilo. Mashine haijui kuhesabu vidole. Hiyo ni elimu ya kimataifa, nimeisomea ng'ambo kwa siku tatu."

"Mheshimiwa, nilikuwa nafikiri, huenda ni waya wa mtego. Simba akinaswa anaweza kupoteza vidole. Na akishindwa kukimbiza nyati, anaanza kutafuta wasiokimbia sana."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini taratibu.

"Katika hifadhi zetu kuna mitego?"

Hilo swali lina jibu moja, na limeandikwa kwenye bango la mapokezi. "Hapana, Mheshimiwa. Ilikwisha mwaka juzi."

"Basi waya umetoka wapi?"

Nikaisogeza picha mbele yake, hakuitazama.

"Sikio moja, mkia nusu, na amesimama kwenye tangi la plastiki! Simba wetu anasimama kwenye tangi? Simba wetu husimama juu ya jiwe, jua likizama. Huyu hata kupendeza hakupendeza. Gonga, Bwana Mbwilo. Na huyu mwalimu jina lake linafanana na lako, au naona vibaya?"

"Unaona vibaya, Mheshimiwa," nikasema.

Nikagonga BANDIA. Ningependa kuandika kwamba mtu alinishika mkono, lakini mkono ulikuwa wangu, na haukutetemeka hata kidogo.

*

Dada alinipigia simu mchana ule ule.

"Zakayo, aliyegonga ni wewe?"

"Dada, ni utaratibu tu."

"Mimi nilikulea kwa utaratibu gani?"

"Vidole havikutimia, dada."

"Vya kwako vimetimia? Maana naona umeshindwa kuvitumia." Nyuma yake nikasikia watoto wakiimba jedwali la saba. "Nina watoto mia mbili na kumi na wanne hapa. Wa darasa la kwanza wanafika kiunoni kwangu. Choo kiko ng'ambo ya tangi. Niambie, mdogo wangu, nawapelekaje chooni?"

"Wafungie ndani."

"Afisa elimu amekataa. Barua ya muhuri wenu imeshamfikia. Anasema kufunga mlango saa za masomo kwa sababu ya picha bandia ni kuonesha hofu."

"Kuna askari wa wanyamapori hapo jirani, dada. Sajenti Chengula."

"Huyo nimemwita kabla yako wewe. Ongea naye ukitaka."

Nikampigia Sajenti Chengula. Alikuwa na bunduki, na kituo chake kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni.

"Mwalimu simba kamwona, na mimi nyayo nimeziona," alisema. "Vidole vitatu mguu wa kushoto. Lakini ndugu, mnyama akishagongwa bandia, hayupo. Nikimpiga risasi asiyekuwepo, risasi naielezea vipi? Mwenzangu mmoja alipiga fisi asiyekuwepo, mpaka leo yuko ndani. Nileteeni karatasi inayosema yupo, na jina la mtu chini yake. Nikiulizwa, niseme kaniambia fulani."

"Jina la nani, afande?"

"La yeyote mwenye moyo," akasema, akakata simu.

*

Jumatano simba alichukua mbuzi wawili. Alhamisi dada alituma picha nyingine, safi zaidi, simba amekaa katikati ya uwanja wa mpira saa nne asubuhi. Mkurugenzi aliigonga mwenyewe. Alisema usafi ule unatia shaka.

Ijumaa asubuhi mlinzi wa shule, Babu Ndimbo, alikwenda tangini kuteka maji ya uji wa watoto. Alikuwa mzee wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Dada aliponisimulia hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema walikuta kandambili moja na ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, imesimama wima, hakuna tone lililomwagika.

Katika cheti cha kifo, kwenye sababu, daktari wa wilaya aliandika "Hofu isiyo na kibali". Wanawe walipewa onyo la maandishi na kuambiwa wasirudie.

Mchana nikakuta dada ametuma picha ya nyayo, ameweka rula ya darasani pembeni kwa ajili ya kipimo. Vidole vitatu. Niliingia kwa Mkurugenzi bila kugonga mlango. Sijui nilipata wapi ujinga huo.

"Mheshimiwa, ni yule yule. Mguu ule ule, vidole vile vile vitatu."

Uso wake ukachangamka. "Umeona? Mashine ile ile, inarudia kosa lile lile. Ushahidi gani unataka tena?"

"Mheshimiwa, kuna mtu amekufa."

"Kuna mtu ameogopa, Bwana Mbwilo. Tena akaogopa kupita kiwango." Akasimama, akatazama nje kama anayepigwa picha. "Tatizo la Bwawani si simba. Ni utulivu. Jumanne ijayo nitakwenda mwenyewe. Tutafanya Siku ya Utulivu Kitaifa, pale pale kwenye uwanja wa shule. Watoto wakae chini, mbele, wazi kabisa, wananchi waone. Na wewe utakuja, ubebe muhuri."

*

Jumanne tulifika kwa magari manane. Waliweka hema, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, na nyuma ya meza kuu wakasimamisha nakala ya Mfano Mkuu, Simba wa Taifa juu ya jiwe lake. Watoto walikalishwa chini kwa mistari, kati ya hema na tangi. Dada Ezelina alisimama mwisho wa mstari wa mwisho, upande wa tangi, yaani upande ambao mtu mwenye akili hakutaka kusimama. Alikuwa amepungua tangu Krismasi. Alinitazama mara moja tu. Nilikuwa nimekumbatia mkoba wa muhuri kifuani.

Mkurugenzi alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Tumefanya utafiti wa kina bila kuondoka ofisini. Simba mnayemsema ana vidole vitatu. Nawauliza, kuna simba wa vidole vitatu? Mtazameni Simba wa Taifa! Mhesabuni! Yeye ndiye kipimo!"

Nikafumba macho. Nilimsikia dada, kwa sauti yake ya hesabu, akisema taratibu: "Ana vitano."

Mkurugenzi akakohoa, akapekua karatasi zake, akapata jibu. Mpaka leo nalistaajabia.

"Sawa! Vitano na vitatu ni vinane. Gawa kwa mbili. Vinne! Kwa wastani, ndugu wananchi, simba wa nchi hii wametimia vidole!"

Viongozi wakapiga makofi. Na makofi yalipokuwa yanaendelea, yule asiyekuwepo akatoka nyuma ya tangi.

Alikuwa anachechemea. Sikutegemea kwamba angekuwa na harufu. Picha hazina harufu, na mimi nilikuwa mtu wa picha. Ikanipiga harufu ya kidonda na ya nyama ya juzi. Alitembea polepole kando ya mstari wa mwisho wa watoto, akiwapitia mmoja mmoja. Hapo nikaelewa neno la dada kwenye fomu.

"Mnachokiona," alisema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti, na sauti ilikuwa imepanda juu kama ya mtoto, "hakipo. Naomba... naomba utulivu."

Hakuna aliyesogea. Sheria inakataza kumkimbia mnyama bandia. Sajenti Chengula alikuwa ameinua bunduki, jasho linamtiririka mpaka kwenye kitako cha bunduki.

"Karatasi!" alisema amebana meno. "Nipeni karatasi!"

"Mbwilo," Mkurugenzi akaninong'oneza, amesahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo kitongoji kizima kilisikia. "Gonga HALISI. Haraka. Gonga HALISI!"

Nilifungua mkoba. "Nina BANDIA tu, Mheshimiwa. HALISI uko kabatini kwako."

Akajipapasa mifukoni. "Funguo ziko kwenye suti ya kijivu," akasema, na nadhani hilo ndilo neno la kweli kabisa alilolisema tangu nimfahamu.

Dada yangu ndiye aliyesema kitu cha maana. Aliingia kati ya simba na mtoto wa mwisho, mgongo kwa watoto, macho kwa simba, akasema kwa sauti ile ile ya kila asubuhi: "Simameni wote. Ingieni stoo, taratibu, mstari kwa mstari. Atakayekimbia nitamwona." Wakaenda. Mia mbili na kumi na wanne, wamebana midomo, wengine wamelowa kaptula, na hakuna aliyekimbia.

Aliyekimbia ni Mkurugenzi Mkuu. Kwa mtu wa cheo chake alikimbia vizuri sana, akapita katikati ya viti, tai begani, akaelekea magarini. Sijui simba wanafundishwa na nani, lakini wanajua kuchagua anayekimbia. Yule wa mguu mbovu hakuhitaji mbio ndefu. Sitaeleza zaidi. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.

*

Watu walipiga picha arobaini na moja siku ile. Zote zilifika mezani kwetu kabla ya wiki kuisha, na zote zilishindwa Maswali Saba: mnyama hakupendeza, vidole havikutimia, na kiongozi wa serikali hakuwa mahali panapomstahili. Kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu hakufa. Taarifa ilisema yuko safari ya kikazi, na tunamtakia mafanikio.

Waziri alinipigia mwenyewe. Nilisimama wima kuzungumza na simu.

"Bwana Mbwilo, wewe ndiye kaimu. Zigonge zote arobaini na moja. Halafu kuna yule mwalimu aliyewatoa watoto kwenye hafla ya kitaifa bila kibali. Hati yake ya kukamatwa iko njiani, utaisaini."

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. Nilisema hivyo. Siwezi kumficha msomaji.

Mjane wa Mkurugenzi alileta funguo, zilizotoka kwenye suti ya kijivu. Hiyo ilikuwa leo, saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika saba simu yangu ililia. Dada alikuwa ametuma picha bila fomu. Nondo za dirisha la stoo, na kati ya nondo mbili, jicho. Chini ameandika: "Amerudi, tumo ndani wote, na mlango huu ni wa mbao laini. Zakayo, mimi sina la kuongeza."

Nililikimbilia kabati. Funguo ziliniponyoka mara mbili. Nikafungua.

Hakukuwa na muhuri. Kulikuwa na pakiti ya sukari, kalenda ya mwaka juzi yenye nyumbu, na karatasi moja ya vifaa vya ofisi, ya siku Mamlaka ilipoanzishwa. Ilisomeka hivi: Muhuri wa BANDIA, mmoja, umepokelewa. Muhuri wa HALISI, utaagizwa utakapohitajika.

Nilikaa kwenye kiti kikubwa. Miaka miwili watu walikuwa wanatuletea chui wao, mamba wao, marehemu wao, na muda wote huo hatukuwa hata na cha kugongea ndiyo. Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Kisha nikaichapa picha ya dada, nikachukua kalamu ya bluu ya kawaida, nikaandika juu ya lile jicho kwa herufi kubwa: HALISI. Chini nikaandika majina yangu yote matatu, na tarehe. Kwenye sababu ya kuogopa nikaandika: Naogopa. Nikaipiga picha karatasi hiyo nikamtumia Sajenti Chengula.

Alinipigia hapo hapo. Nilisikia anatembea kwa haraka.

"Huu si muhuri."

"Najua, afande."

"Ni mwandiko mbaya wa mtu anayetetemeka."

"Ndiyo, afande."

Akapumua. "Lakini jina linasomeka," akasema.

Nilingoja dakika kumi na moja. Sijawahi kuogopa vile, na mimi ni mtu wa kuogopa. Simu ilipolia niliipokea. Upande wa pili nilisikia madawati yanaburutwa, mtoto anakohoa, mlango unafunguliwa, halafu kelele za watoto wengi wakiwa nje, kelele za kawaida kabisa za mapumziko.

"Tumetoka, mdogo wangu," alisema dada. "Wote. Nimewahesabu."

Alituma picha moja ya mwisho. Simba amelala ubavu kando ya tangi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na ule waya usiokuwepo bado uko mguuni. Nilimwonea huruma. Tulimtengeneza sisi, kama tulivyomtengeneza yule wa vidole vitano, ila huyu tulimtengeneza kwa mkono.

Hati ya dada sijaisaini. Nimeichana, na vipande nimeviweka kwenye pakiti ya sukari. Naandika haya haraka, kwenye mgongo wa Fomu za Maswali Saba, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mtu aliye safarini kikazi. Karatasi yenye jina langu imeshafika ghorofa ya tatu. Nimesikia viti vinasukumwa juu, kisha viatu ngazini, vingi, visivyo na haraka. Mlango wa ofisi hii una kioo cha ukungu. Mtu ameweka mkono juu yake. Nimevihesabu vidole vyake, ni vitano, vimetimia. Huyu ni halisi, na ninamwogopa.